Msimpokonye Binti Bisibisi

Juma hili twataka kusema jambo ambalo baadhi ya wenzetu watalicheka, na wengine watasema si jambo la siasa. Twataka kusema habari za mabinti wanaosomea ufundi wa umeme. Lakini kabla ya kumlaumu mtu mwingine yeyote, yatupasa tuanze na sisi wenyewe, maana anayetaka kufagia uwanja wa jirani sharti kwanza afagie wake.

Mwaka jana tawi moja tunalolihudumia lilimaliza kujenga ofisi yake. Wanachama walichanga mabati na saruji, akina mama wakabeba maji na mchanga, na mwisho ikabaki kazi ya kusuka nyaya ili ofisi iwekewe umeme. Katika tawi hilo hilo yupo binti mmoja, mtoto wa mwanachama wa siku nyingi, aliyesomea ufundi wa umeme chuoni na kutoka na cheti chake. Alikuja mkutanoni, akaamkia wazee, akasema yu tayari kuifanya kazi ile kwa nusu ya ujira, mradi apate kazi ya kuwaonyesha watu. Wazee walimsifu sana. Mwenyekiti alisema kwamba binti huyu ni fahari ya tawi zima, na watu wakapiga makofi. Kisha kazi akapewa fundi mwanamume kutoka mjini.

Sisi tulikuwapo kikaoni. Tulikuwa na haki ya kusema, wala hatukusema neno.

Sasa msomaji atangoja kusikia kwamba fundi yule aliharibu kazi, kwamba taa zilizimika au ukuta ulitoa cheche. La, hasha. Kazi ilifanywa vizuri. Taa zawaka mpaka leo, na fundi mwenyewe ni mtu mwaminifu ambaye hatuna neno naye. Ndiyo sababu twaona haya zaidi. Kama kazi ingeharibika tungesema kwamba tumepata adhabu yetu, na mambo yangeishia hapo. Lakini hasara yetu haikuonekana ukutani. Ilimwangukia binti, ambaye baada ya miezi sita ya kungoja aliuza drili yake akapata mtaji wa kukaanga vitumbua. Kuuza vitumbua si aibu, ni kazi ya halali. Lakini mzazi hakuuza mbuzi ili kulipia mafunzo ya vitumbua. Leo tawi lina taa, na limempoteza fundi wake.

HUANZA DARASANI

Sisi tulisoma chuo cha ualimu, na huko tulikutana na jambo hili kwa mara ya kwanza pasipo kulitambua. Tulipopelekwa shule ya msingi kwa mazoezi ya kufundisha, tulipangiwa somo la umeme kwa Darasa la Sita. Tulikuwa na betri nne, balbu nne na vipande vya waya, na watoto 60 mbele yetu. Tuliwagawa makundi manne, tukawaambia wawashe balbu na kuandika waliyoyaona. Somo lilikwenda vizuri. Balbu ziliwaka, watoto wakashangilia, na sisi tukajiona tumekwisha kuwa walimu.

Mkufunzi wetu alikuwa amekaa nyuma ya darasa. Kipindi kilipokwisha alituuliza swali moja tu: ni wasichana wangapi waliowasha balbu? Tulijaribu kukumbuka. Hakuna hata mmoja. Katika kila kundi mvulana alishika betri, mwingine akashika waya, na msichana akaandika, kwa kuwa sisi wenyewe tulisema, "Mwenye mwandiko mzuri aandike." Hatukumkataza msichana yeyote. Hatukusema neno baya. Lakini wasichana wote walitoka darasani na maandishi safi, na wavulana wakatoka na umeme mikononi.

Jambo hilo laendelea hivyo hivyo mpaka mwisho wa njia. Binti ajiunga na chuo cha ufundi. VETA, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, yapokea wasichana katika fani ya umeme sawa na wavulana, na vyuo vya maendeleo ya wananchi, vilivyoanza mwaka 1975, navyo havimfungii mtu mlango. Mlango uko wazi. Lakini ndani ya karakana, binti akishika bisibisi na skurubu ikawa ngumu, kijana aliye karibu naye husema, "Dada, lete nikusaidie." Akishika tindo na nyundo ili achimbe njia ya bomba ukutani, huambiwa ataumia vidole. Akitaka kupanda ngazi, huambiwa, "Wewe ishike, nipande mimi." Wakipelekwa kujifunza kazini, msimamizi humtuma kununua chai ya mafundi, au humkalisha aorodheshe vifaa, kwa kuwa mwandiko wake ni mzuri.

Mwisho wa mafunzo wote wawili hupewa cheti cha namna moja. Lakini mmoja amefunga soketi mia, na mwenzake ameshikilia ngazi mara mia. Mwenye nyumba akiwaita wote wawili na kuwaona kazini, husema, "Mnaona? Wanawake hawaiwezi kazi hii." Hajui kwamba anachokiona ni matunda ya kusaidiwa kwingi, wala si ya kuzaliwa mwanamke.

Kwa hiyo twasema wazi: katika nchi yetu mwanamke hakatazwi kuwa fundi umeme. Katiba yetu ya mwaka 1977 yasema kila mtu anayo haki ya kufanya kazi. Adui wa binti huyu si sheria, wala si matusi peke yake. Adui wake mkubwa ni upole. Hupokonywa bisibisi kwa upole, tena na watu wanaompenda: mwalimu, kaka, mwenzake wa darasani, na wazee wa chama wanaompigia makofi. Naye hawezi kugombana nao, maana utamgombezaje mtu anayekusaidia?

Tena ufundi una jambo ambalo masomo mengine hayana. Ili mtu afunge umeme kwa mkono wake na kwa sahihi yake, yampasa awe na leseni ya EWURA. Leseni hizo zina madaraja, na kupanda madaraja kwahitaji cheti pamoja na kazi ulizokwisha kuzifanya. Mwenye nyumba anayeomba kuunganishiwa umeme hudaiwa uthibitisho wa mkandarasi anayetambuliwa. Sharti hili ni la haki, kwa sababu umeme waua. Lakini maana yake ni kwamba asiyepata kazi hapati leseni, na asiye na leseni hapati kazi. Mvulana huvuka mto huu kwa mjomba wake, au rafiki wa baba yake, au fundi wa mtaani anayemchukua abebe begi la vifaa. Binti hana anayemchukua. Ndiyo maana kazi ile moja ya ofisi yetu haikuwa kazi moja. Ilikuwa ndiyo daraja lake.

TAA NA WENYE TAA

Wenzetu wanaosema hili si jambo la siasa twawaomba wakumbuke umeme ulivyoingia nchi hii. Kwa Tanzania Bara, taa za kwanza za umeme ziliwashwa Dar es Salaam mwaka 1908, wakati wa Wajerumani, kwa ajili ya karakana za reli na ile sehemu ya mji walikokaa wakoloni. Mwafrika aliona mwanga ule kwa mbali. Aliruhusiwa kubeba nguzo na kuchimba shimo la nguzo, lakini taa haikuwa yake na ujuzi wa taa haukuwa wake. Uhuru ulipokuja, Serikali ilianza mwaka 1964 kununua hisa za kampuni za umeme, ili umeme uwe mali ya wananchi.

Tangu siku hizo kazi kubwa imefanyika. Sheria ya mwaka 2005 ilileta Wakala wa Nishati Vijijini, yaani REA, ulioanza kazi mwaka 2007. Bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji, lenye mitambo 9 na uwezo wa megawati 2,115, lilianza kutoa umeme mwaka 2024. Nguzo zimekwenda katika vijiji 12,318 vya Tanzania Bara, na sasa kazi iliyobaki ni ya vitongoji, ambavyo ni zaidi ya 60,000. Mzee aliyezaliwa kwa taa ya kibatari leo anunua LUKU kwa simu. Jambo hili ni la kujivunia, nasi twajivunia.

Lakini chama cha wananchi hakiwezi kuridhika na kuhesabu nguzo. Yatupasa tuulize: taa imefika, je, na ujuzi wa taa umefika? Nenda kijiji chochote kilicho mbali na mji. Swichi ikiharibika, au saketi breka ikikataa kupanda, mwenye nyumba hupiga simu mjini. Fundi huja kesho kutwa, alipwe nauli kwanza, kisha ujira, na mara nyingine kazi yenyewe ni ya dakika kumi. Wasio na fedha huunganisha nyaya wenyewe kwa meno na gundi ya karatasi, na huko ndiko nyumba zinakoungua. Kijiji kama hicho kina vijana wa kiume ambao wengi wao wamekwenda mjini kutafuta riziki. Wanaobaki ni akina mama na mabinti. Nasi twawaambia hao waliobaki kwamba kazi hii si yao! Mkoloni aliwatenga watu wenye taa na watu wasio na taa. Tusiwatenge sisi watu wanaoruhusiwa kuigusa na watu wanaoruhusiwa kuiwasha tu.

WENYE KUJUA WAMEKWISHA KUONYESHA

Haya si ndoto. Unguja yamefanyika. Katika kijiji cha Tilonia, jimbo la Rajasthan nchini India, kipo chuo kilichoanzishwa mwaka 1972 na Bwana Bunker Roy, ambacho kiliamua kuwafundisha wanawake wa vijijini ufundi wa umeme wa jua. Wanawake wa Tanzania, wa Mtwara na wa Zanzibar, walikwenda huko kusoma. Baadaye, mwaka 2015, tawi la chuo hicho likafunguliwa Kinyasini, Unguja, na tangu hapo wanawake wamesoma hapa hapa nyumbani.

Wanaosoma huko si mabinti wa sekondari. Ni mama wazima, wengine wana wajukuu, na wengi wao hawakufika mbali shuleni. Hukaa chuoni kwa miezi kadhaa. Hufundishwa kwa mikono na kwa rangi: waya huu mwekundu, kipande hiki cha rangi fulani, kishike, kiunge, kipime. Wakirudi kijijini hufunga taa za jua nyumba kwa nyumba, hupanda paani na hijabu zao, na kifaa kikiharibika hukifungua na kukitengeneza.

Lakini twaomba msomaji aangalie jambo moja ambalo watu hulipita wanaposimulia habari hii. Mama yule hakwenda peke yake na cheti mkononi kutafuta atakayemwamini. Kijiji kilikaa, kikamchagua, kikampeleka. Aliporudi, kijiji kile kile kilikuwa kinamngoja awafungie taa na kuzitunza. Yaani kazi yake ya kwanza ilikuwapo kabla hajaondoka. Hapo ndipo ilipo siri yote. Mama asiyejua kusoma sana amekuwa fundi kwa sababu alikuwa na watu waliomngoja, na binti yetu mwenye cheti amekaa na karai la mafuta kwa sababu hakuna aliyemngoja.

Wapo pia wasemao kwamba mwanamke hata akijua umeme hana la kuongeza katika kazi hii. Hao twawaomba waangalie soketi iliyo ukutani mwao, ile ya matundu matatu. Jino moja la plagi yake ni refu kuliko mengine mawili, nalo likiingia kwanza hufungua vifuniko vidogo vilivyo ndani ya matundu mawili ya chini. Mtoto akichomeka msumari katika tundu la chini, hukuta mlango umefungwa. Umbo hilo lilitoka Uingereza, likawa kipimo rasmi huko mwaka 1947. Wakati wa Vita Kuu ya Pili iliundwa kamati ya watu 20 kupanga umeme wa majumbani utakavyokuwa baada ya vita, na mwanamke ndani yake alikuwa mmoja tu, mhandisi Caroline Haslett. Sharti la kwanza lililowekwa kwa plagi mpya lilikuwa usalama wa watoto wadogo. Gazeti la chama kama hili halina desturi ya kuwasifu Waingereza, lakini haki ni haki. Anayeshinda nyumbani na mtoto ndiye ajuaye kidole cha mtoto hufika wapi.

MASWALI TUNAYOULIZWA

Tukizunguka matawini tumelisema jambo hili, na wazee wametuuliza maswali. Maswali ya wazee hayadharauliwi, kwa hiyo twayajibu hapa moja moja.

Wauliza kwanza juu ya heshima: binti apandaje ngazi mbele ya watu? Twajibu kwamba ovaroli ya fundi husitiri mwili kuanzia shingoni hadi kifundo cha mguu, kuliko nguo nyingi tunazoziona arusini. Tena fikirini upande wa pili. Mchana nyumba nyingi huwa na mama peke yake na watoto. Mume mwenye wivu hukataa fundi mwanamume asiingie chumbani kufunga taa yeye hayupo. Akiwapo fundi mwanamke, kazi yafanyika na moyo wa mume watulia.

Wauliza pili juu ya nguvu. Kweli, kuchimba ukuta kwa tindo ni kazi nzito. Lakini ni nani aliyebeba maji na mchanga wa ofisi ya tawi? Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilisema bila kuficha kwamba wanawake wa vijijini wafanya kazi kupita watu wengine wote katika nchi hii. Hatuwezi kumwona mwanamke ana nguvu wakati wa kubeba debe la maji, kisha tukamwona dhaifu wakati wa kupokea ujira.

Wauliza tatu juu ya hatari. Umeme wa nyumbani kwetu ni volti 230, nao hauulizi aliyeugusa ni Bwana au Bibi. Anayepona si mwenye misuli. Anayepona ni yule azimaye meni swichi kabla ya kuanza, akapima kwa testa, akahakikisha hakuna mtu atakayewasha nyuma yake, na asiyeacha kufunga waya wa ethi eti kwa sababu mwenye nyumba ataka kupunguza gharama. Kazi hii yataka mtu makini anayefuata utaratibu hata kama hakuna anayemtazama. Mabinti kama hao tunao.

Wauliza nne: ataolewa, na mafunzo yatapotea. Kwani mwalimu akiolewa husahau kusoma? Mkunga akiolewa husahau kuzalisha? Shamba la baba hubaki kwa baba binti akiolewa, lakini ufundi huenda naye. Popote atakapoolewa nyumba zina taa, na mume akifariki au akimwacha, bisibisi haiombi ruhusa ya shemeji.

Wauliza tano, na hili ndilo swali zito: vijana wa kiume hawana kazi, mbona mwataka kuwaongezea washindani? Hatutaki kuwadanganya wasomaji. Vijijini na vitongojini kazi ni nyingi kuliko mafundi, na huko hapana ugomvi. Lakini katika miji mikubwa mafundi ni wengi, na kazi aliyopewa binti ni kazi ambayo kijana fulani ameikosa. Twalijua hilo. Lakini kama kazi hazitoshi, haki ni kuzigawa kwa ustadi na kwa zamu. Kuufunga mlango kwa nusu ya wenye vyeti si haki. Aliyepewa zamu zote tangu Darasa la Sita hawezi kusema ameonewa siku mwenzake anapopewa moja.

JAMBO AMBALO HAWATUULIZI

Lipo jambo ambalo katika mikutano halisemwi, nasi tusipolisema tutakuwa tumeandika nusu ya habari. Mabinti wametuambia kwa siri kwamba mahali pengine pa kazi, msimamizi hamtaki binti kwa ufundi wake. Humwambia kwamba akitaka kusainiwa kitabu chake cha mazoezi, au akitaka kupangiwa kazi ya kweli, amfuate jioni. Wako walioacha ufundi kwa sababu hiyo, na nyumbani wakasema kwamba kazi imewashinda, kwa kuona haya kueleza.

Jambo hilo lina jina katika sheria. Ni rushwa ya ngono, na Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 yaifanya kuwa kosa la jinai. Mwanachama anayelijua na kulinyamazia hana haki ya kusimama jukwaani kusema habari za ukombozi. Tena yapo madogo yanayoweza kumalizwa kesho asubuhi bila sheria yoyote. Mahali pengi pa ujenzi hapana choo cha wanawake wala pa kubadilishia nguo. Binti hushinda bila kunywa maji tangu asubuhi hadi jioni, kisha watu husema hana nguvu.

YATUPASA NINI

Mwaka 1955, Bibi Titi Mohamed alipoanza kuwakusanya akina mama wa Dar es Salaam wajiunge na TANU, wapo walioona kwamba jukwaa si mahali pa mwanamke. Alikuwa mama wa nyumbani na mwimbaji wa ngoma. Hakungoja watu wakubali kwanza ndipo asimame. Alisimama, na watu wakakubali kwa kumwona amesimama. Ufundi nao ni hivyo hivyo. Watu hawatamwamini fundi mwanamke kwa kuhubiriwa. Watamwamini watakapowasha taa aliyoifunga yeye.

Kwa hiyo twapendekeza mambo haya, na kila moja liko ndani ya uwezo wa tawi.

Kwanza, tawi lolote lenye kazi ya umeme, kubwa au ndogo, liulize kabla ya kumwita fundi: je, katika kata yetu yuko binti mwenye cheti? Kama yuko na hana leseni, aitwe pamoja na fundi mwenye leseni. Binti afanye kazi, na mwenye leseni asimamie na kutia sahihi. Ujira wake uwe ujira kamili. Si haki kumfanya mtu anunue nafasi ya kwanza kwa nusu ya jasho lake.

Pili, wanachama ambao ni mafundi wenye leseni, nanyi twawafahamu, kila mmoja achukue binti mmoja kama anavyomchukua mpwa wake. Amwache apande ngazi, amwache akosee na kurudia. Skurubu ikiwa ngumu, fundi atie mikono mfukoni angoje.

Tatu, madiwani wetu waulize katika halmashauri zao. Sheria ya ununuzi wa umma yatenga asilimia 30 ya zabuni kwa vikundi vya wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Halmashauri zimewekewa asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo, na katika hiyo 4 ni ya wanawake na 4 ya vijana. Mabinti watano wenye vyeti wakifanya kikundi wanaweza kukopa vifaa na kuomba kazi ya kufunga taa za zahanati au shule. Mara ngapi diwani amewaambia hivyo?

Nne, walimu wenzetu. Siku ya somo la umeme, mpe msichana betri, na mvulana aandike. Mwandiko wake mbaya utatengenezeka. Hilo halihitaji waraka kutoka Wizarani.

Binti wa tawi letu tulimwendea juma lililopita. Tulimkuta barazani kwao, karai liko motoni. Tulimwambia kwamba siku ile ya kikao tulinyamaza, na kwamba tulikosea, tukamwomba radhi. Alitusikiliza mpaka mwisho huku akigeuza vitumbua vyake, kisha akasema, "Ndugu Mwenezi, pole nimezipata nyingi. Niliyoikosa ni kazi."

Hatukuwa na la kujibu. Tawi la jirani lajenga ukumbi wa vijana, na mwezi ujao kikao kitakaa kuchagua fundi wa umeme. Tumepeleka jina lake, pamoja na jina la fundi mmoja mzee mwenye leseni aliyekubali kusimama naye. Ujira tulioandika ni kamili. Vifaa bado anavyo katika sanduku, isipokuwa drili, ambayo wanachama watatu wamekubali kumchangia. Huenda kikao kitakubali, na huenda kitampigia makofi na kumpa mwingine. Lakini safari hii tukiwapo kikaoni tutasema, na wewe msomaji, likija katika tawi lako, twakuomba nawe useme.